Dhahabu Niliyoisoma Shambani kwa Maman Consolate

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Daftari jipya. La zamani halisomeki, maneno yamepandana mstari juu ya mstari. Kosa la kiwanda.

Leo Papa Hugues, mkurugenzi wa maabara yetu ya udongo hapa Nguba, ametangaza balaa huku akitabasamu. Merveille, binti ingénieur, yaani mhandisi, aliyetufikia mwezi wa nane, ameandika programu. Programu hiyo inachora michoro ya udongo na kuandika majina yenyewe. Kufumba na kufumbua!

Hiyo ni kazi yangu. Udongo ukipigwa na mionzi, kila madini hujibu kwa nguvu yake, na mashine hutoa mstari wenye vilele, virefu na vifupi. Miaka ishirini na saba mimi Adalbert nimeandika kwa penseli, juu ya kila kilele, jina la mwenye kilele. Fe, chuma. Zn, zinki. Pb, risasi. Watu wa kituo cha utafiti cha Lwiro walikuja mpaka hapa kuutazama mwandiko wangu. (Watu wawili. Mara moja. Mvua ilikuwa inanyesha.)

Mkurugenzi amesema wiki hii sote wawili tutasoma sampuli zilezile. Jumatatu ijayo ataamua kama meza ya kusomea, ile ya dirishani, bado ina faida. Isipokuwa na faida, mimi naenda depo, kulinda magunia ya udongo yasiibwe. Nani aibe udongo?

Sasa siri. Ibaki humu. Tangu Pasaka vilele vimeingia ukungu. Kwanza nilidhani ni ukungu wa ziwa. Halafu nikadhani ni wino. Ni macho yangu. Hakuna anayejua, hata mke wangu Séraphine. Hasa Séraphine! Ikijulikana, meza imekwenda.

Jambo jingine. Asubuhi nilimsalimu mkurugenzi mlangoni kwake, kofia mkononi. Hakujibu. Kiburi hicho kimeanza lini?

Nyumbani, Séraphine amepaka chokaa ukingoni mwa kila ngazi, kutoka barabarani mpaka mlangoni. Ngazi thelathini na moja! Nikamuuliza kama tunamngoja askofu. Akasema ni urembo. Chokaa imepotea bure.


Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: lenzi. Nimeiazima kwa Élie, fundi wa saa wa Kadutu. Nikamwambia ni ya mjukuu, kwa masomo. Sina mjukuu. Élie anajua sina mjukuu.

Nikainamia mchoro, lenzi jichoni. Maajabu! Chuma kile pale, kirefu. Manganizi. Na kulia kabisa, peke yake, kilele chembamba cheusi, safi. Strontium, bila shaka. Nikaandika Sr juu yake kwa mwandiko wangu bora.

Kilele kikaondoka.

Kilitembea mpaka ukingoni mwa karatasi, kikashuka kwenye mguu wa meza. Sisimizi! Nikainua kichwa, Merveille amesimama nyuma yangu. Hakucheka. Afadhali angecheka. Alikwenda kuniletea chai, akanikabidhi kikombe mkononi kabisa, vidole vyangu akavikunjia kwenye mkono wa kikombe. Wengine wote huwekewa mezani. Dharau gani hii?


Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa pili. Huu ni wa akili.

Nimemwomba Merveille anifundishe programu yake. Kwa upendo wa sayansi, nikasema. Alifurahi mno, akavuta kiti karibu nami, na mimi nusura nione haya.

Alieleza polepole. Mashine inatoa nambari kwa safu mbili: nguvu, na mara ngapi nguvu hiyo imeonekana. Programu inachora mstari. Halafu inapita kwenye mstari ikitafuta mahali unapopanda kisha kushuka. Kila inapopata ncha, inakwenda kwenye orodha ya madini, kuanzia juu kwa A, na kuuliza mmoja mmoja kama makao yake yako karibu na ncha ile. Wa kwanza kukubali, jina lake linaandikwa.

Nikamwambia hivyo ndivyo ninavyofanya mimi. Akajibu kwamba ndiyo, mwezi wa nane alikaa wiki mbili ananitazama nikisoma, ndipo akaandika programu. Sikujua nilifanyie nini neno hilo. Nimeliweka hapa.

Basi, programu nakala moja iko sasa kwenye kompyuta ya zamani mezani kwangu. Mpango: nifike kabla ya wote, niiache programu isome, nichukue mchoro mwingine usio na majina, ninakili kila jina kwa penseli, karatasi ya kompyuta niichane. Mkurugenzi atapokea kazi ya mkono wa binadamu. Nimeandika amri za kuiamsha programu kiganjani, na Séraphine ameniuliza chakula cha jioni kizima nani kaniandika.


Alhamisi, 10 Oktoba

Imefaulu! Mkurugenzi alishika mchoro wangu, akautazama, akasema: "Muzee, uko mukali!" Mbele ya watu. Nilikwenda kunywa maji mara tatu ili nipite tena mbele ya watu walewale.

Lakini yule binti ana fujo. Michoro yake inazidi kunenepa. Jumatatu herufi zake zilikuwa za kawaida. Leo Fe ni kubwa kama kibao cha duka, mstari mnene kama kamba ya kiatu, na kila madini yana rangi yake, chuma nyekundu, zinki buluu. Nilimkaripia. Wino hauanguki kutoka mbinguni, nikasema. Akajibu pardon papa, akarudi kwenye kiti chake, na mchana zilikuwa kubwa zaidi. Vijana hawasikii. (Nakala ya mezani kwangu nayo aliigeuza hivyohivyo; kwa kunakili zinanisaidia. Hilo si hoja.)

Nikafikiri kwa kina. Kulingana naye si kumshinda. Majina yetu yakiwa yaleyale, mkurugenzi atabaki na kompyuta, isiyokunywa chai. Lazima mimi nione zaidi. Nikatafuta ndani ya programu nikapata nambari moja: 0.05. Ndiyo inayosema ncha iwe karibu kiasi gani na makao ya madini ili ipewe jina. 0.05! Uchoyo huo! Kwetu hata mtu wa nyumba ya nne ni jirani. Nikaandika 0.2.

Majina yakaota kama uyoga. Vilele viwili ambavyo Merveille aliviacha bila jina, kwangu vikapata. Mpaka kobalti ikajitokeza, ambayo sijawahi kuiona katika udongo wa kilima kile. Kitu kilinikuna kichwani. Nikakiacha kikune.


Ijumaa, 11 Oktoba

Siku kubwa ya maisha yangu! Nje ya ndoa. (Naandika hivi isije Séraphine akalisoma daftari siku moja.)

Sampuli ya leo ilikuwa udongo wa Maman Consolate, mjane jirani yetu wa Cahi, anayeimba kwaya moja na mke wangu. Maharage yake yamegeuka manjano mwezi mzima huu, naye hana shamba jingine. Nilimwahidi nitausoma udongo wake mwenyewe, kwa mkono wangu. Ukakaushwa, ukasagwa, ukabanwa kuwa kidonge, ukaingia mashineni.

Programu ikasoma. Chuma. Manganizi. Zinki, nyingi ajabu. Na pembeni ya zinki, juu ya kilele kidogo: Au.

Dhahabu!

Nikanakili. Penseli ikavunjika, nikachonga nyingine. Au, mwandiko wa kanisani. Nikatia mchoro kwenye bahasha ya mkurugenzi, nikafunga. Nilikusudia kunyamaza mpaka Jumatatu. Lakini mtu hawezi kubeba kitu kama hicho peke yake. Nikamwambia Gracien, mlinzi wa getini, kwa sharti la siri. Gracien ni mtu wa Luhwindja, kwao dhahabu ni habari ya kila siku. Aliuliza jambo moja tu, shamba lina urefu gani.


Jumamosi, 12 Oktoba

Mdomo wa Gracien hauna mlango.

Nilipoteremka ngazi asubuhi nilisikia majembe kwanza. Kwa Maman Consolate walikuwa watu kama ishirini. Nusu ya kwaya. Gracien mwenyewe, suruali imekunjwa magotini, anaosha udongo kwenye beseni la kunawia. Na Maman Consolate mbele yao wote, jembe mkononi, akiimba. Maharage yalikuwa yamelala upande mmoja, chungu nzima, mizizi juu.

Aliponiona aliacha jembe akanikumbatia, matope yote. Akanishika mikono, akaibusu. Mikono hii! Alisema ataweka mabati mapya, yale ya juu yana kutu tangu mumewe alipokuwa hai. Alisema binti yake aliye Shabunda atarudi. Alisema Séraphine atapata kitenge, na kwangu atanunua kiti cha kweli, kwa kuwa mtu mwenye macho kama yangu hastahili kukalia stuli. Kisha akainua uso juu: "Miye nilijua, Mungu hawezi kunisahau miaka yote."

Mtu mwenye macho kama yangu.

Jioni beseni lilikuwa bado tupu. Gracien alisema dhahabu ya mjini ina aibu, inahitaji kuchimbwa zaidi. Nikala kidogo. Séraphine akaniuliza kama naumwa, nikasema ni pilipili. Hakukuwa na pilipili.


Jumapili, 13 Oktoba

Nitaandika yote, hata kama ni aibu.

Baada ya misa Merveille alikuja nyumbani, mchoro umekunjwa chini ya kwapa. Jana jioni, habari za dhahabu zilipomfikia, alikwenda ofisini, akaifungua bahasha akaona nakala yangu, akaikuta 0.2 kwenye kompyuta yangu, akakesha akiuchora mchoro upya. Alikikunjua mezani kitu chenye ukubwa wa kitambaa cha meza. Vilele virefu kama mkono wangu. Akashika kidole changu, akakitembeza juu ya karatasi.

Alisema hiki ni kilele kikubwa cha zinki, na zinki ina mtoto, kilele kidogo kinachoifuata siku zote, kwenye 9.57. Nikasema najua. Nilikijua kilele hicho kabla hajazaliwa. Akasema dhahabu makao yake ni 9.71, jirani kabisa, na kwenye orodha Au inatangulia Zn. Kwa 0.05 dhahabu inaulizwa na inakataa. Kwa 0.2 inakubali kabla zinki haijafikiwa. Kisha akasogeza kidole changu kulia. Dhahabu ya kweli ingekuwa na kilele cha pili hapa, kwenye 11.44. Kidole kilikuwa juu ya mstari uliolala, bapa, hauna kitu.

"Papa, hapa hakuna kitu. Mutu yeyote anaona..." Akakiachia kidole changu.

Séraphine aliacha kumenya ndizi.

Nikasema basi, sioni. Nilisema hivyo tu. Tangu Pasaka sioni.

Merveille akasema anajua. Alijua tangu Jumatatu ile, aliponikuta nalisalimu koti la mkurugenzi kwenye msumari, kofia mkononi. Na nimeendelea kulisalimu kila asubuhi, kumbe. Herufi zake hazikuwa fujo. Kila siku alizikuza kidogo, akatia rangi, akanenepesha mstari, apate kujua ni wapi nitaacha kukunja uso. Baba yake huko Katana ni fundi cherehani, naye alificha ubovu wa macho yake mpaka siku alipojishona kidole kwenye suruali ya mteja. Akasema hataki kuliona tena jambo hilo.

Nikamgeukia Séraphine, nikamwomba msamaha kwa siri niliyomficha. Akanitazama kwa huruma, mke wa miaka thelathini na mitano. "Trente-cinq ans niko na weye. Ile chokaa ya ku ngazi, ulizani ni ya nani?"

Nikalia. Nasema wazi, nililia, mtu mzima, mbele ya ndizi. Séraphine akanifuta uso kwa kanga yake. Kwa miezi sita nilikuwa peke yangu ndani ya ukungu ule, kumbe wote walikuwemo, wamenishika mkono, na mimi nawakaripia kwa wino na chokaa.


Jumatatu, 14 Oktoba

Nilikwenda kwa Maman Consolate kabla ya kazi. Séraphine alitaka kunisindikiza, nikakataa, kisha nikarudi kumwita.

Nilimwambia mama yule kila kitu nikiwa nimesimama. Hakuna dhahabu. Ni zinki, inatoka kwenye mabati yake ya zamani. Mvua inaosha mabati, maji yanadondoka shambani, miaka na miaka, ndiyo manjano ya maharage. Na mimi sikuona, na nilijifanya naona.

Alikaa kwenye ukingo wa shimo. Shimo lilikuwa refu, angeweza kuning'iniza miguu. Nilingoja anitukane, ningekuwa nimestahili. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akauliza kama binti yangu wa kompyuta ana hakika. Nikasema yeye ndiye mwenye hakika, mimi nafuata. Akacheka kidogo, akalia kidogo. Halafu akasema: "Siku mbili nililala sawa mutajiri. Hiyo hakuna mutu ataninyanganya." Na akanitaka nilizibe shimo kabla ya mvua.

Nikaziba. Gracien alikuja, nilimvuta kwa shati. Merveille alikuja na bomba la plastiki la kuchukulia maji ya paa mbali na shamba, ameliomba sijui wapi. Séraphine alitoa mbegu zetu, zote. Tulipanda upya, mahali ambapo maji ya bati hayakufika. Mimi nilipewa kamba ya kunyooshea mistari. Mistari imepinda. Maman Consolate amesema maharage hayajali.

Kazini nilifika nimechelewa, matope mpaka magotini, nikaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Nikagusa kwanza kuhakikisha si koti. Nikamweleza. Nikamwambia anipeleke depo.

Akaniuliza nilijuaje kwamba zinki ilitoka kwenye mabati. Nikasema kila mtu anajua, mabati ya aina ile yana zinki, na paa la Maman Consolate lina umri mkubwa kuliko lami ya barabara yetu. Akamtazama Merveille. Merveille akasema programu yake haijui, haijawahi kufika Cahi. Tena ameshaandika mstari mpya ndani yake: jina la dhahabu lisiandikwe mpaka kilele cha pili kionekane. Pembeni ya mstari ameweka maneno, ambayo programu haiyasomi, ni ya watu tu: kanuni ya Papa Adalbert. Ameyakuza nikayasoma mwenyewe.

Uamuzi: meza inabaki. Programu itachora, Merveille atakagua, mimi nitasema udongo umetoka kwenye maisha gani. Sharti moja. Keshokutwa niende kwa daktari wa macho. Nimeahidi mbele yake na Merveille, na jioni mbele ya Séraphine. Hila zimekwisha. Mimi sasa ni mtu mwingine.


Jumatano, 16 Oktoba

Kliniki ya macho. Benchi refu, watu kumi na wawili mbele yetu. Séraphine alinishika mkono tangu nyumbani, hakuuachia.

Mwanamke mmoja kwenye benchi alisema ni mtoto wa jicho, wanakata, wanatoa, wanafunga kitambaa, unapumzika wiki mbili. Wanakata! Na wiki mbili! Merveille peke yake na michoro yangu wiki mbili nzima! Moyo ulinidunda, Séraphine akausikia kwenye kiganja.

Lakini mlango wa daktari haukufunga vizuri. Na kila mgonjwa aliyeingia alisomeshwa ubao wa herufi kwa sauti. Watu kumi na wawili, ubao uleule. Mtu aliyebeba kichwani vilele vya madini yote kwa miaka ishirini na saba atashindwa na mistari mitano ya herufi? Nilipoitwa nilikuwa nayo yote.

Nikaingia. Nikakaa kwenye kiti. Sikungoja kuulizwa. Nikasoma mistari mitano, juu mpaka chini, sauti ya kanisani, bila kukosea hata herufi moja.

Nikangoja sifa.

Daktari akaniuliza kwa upole ninasoma nini. Nikamwambia ubao wako, docteur. Akasema ubao uko nyuma yangu. Nilikuwa nimelisomea kabati.

Séraphine alicheka mpaka akakaa sakafuni, na alipoinuka machozi yalikuwa yamelowesha kanga yake, akanishika uso kwa mikono miwili akasema nitakatwa, nitapona, nitamwona tena vizuri, na nisithubutu kusema amezeeka. Kukata ni Ijumaa asubuhi. Merveille ameomba ruhusa aje kukaa nasi. Nina hofu, lakini nina watu.

Nimefikiri sana usiku huu. Mpango ulikuwa mzuri, kasoro ilikuwa ndogo. Mwanamke wa benchi alisema baada ya kukatwa kuna mtihani wa pili, na herufi bado ninazo kichwani. Safari hii nitamuuliza Séraphine kwanza, kwa upole, ubao uko ukuta gani.